Nipe Namba ya Chasisi Kwanza

Tangu mwaka wa pili nauza spea za magari ya Kijapani, hasa zile za kuongezea juu ya alizoweka mwenye kiwanda: ekzosi, filta za hewa, shokapu za kushusha gari, rimu, vikorombwezo vya turbo. Sina duka. Stoo yangu ni uvungu wa kitanda hapa Mabibo, na wenzangu wa chumbani wameshazoea kujikwaa kwenye bomba la ekzosi wakitoka kuoga. Bumu likichelewa, bomba hilo ndilo linalonilisha.

Kila wiki napata jumbe tano sita zinazofanana. "Oya kaka, ile kitu ya pshhh unayo? Shi ngapi?" Zamani nilikuwa najibu bei papo hapo. Siku hizi najibu, "Nipe namba ya chasisi kwanza." Wapo wanaokasirika. Wapo wanaodhani nachelewesha bei ili niwapige. Mhariri wa jarida hili naye alikuwa mmoja wao. Tulibishana kantini mpaka chai ikapoa, mwisho akasema basi liandike. Haya, naliandika.

Kwanza, kwa nini magari ya Kijapani? Jibu jepesi ni kwamba ndiyo yaliyopo. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani wao unakaa tunakoutaka, na gari lililotumika kule linashuka bandarini Dar likiwa bado na stika za Kijapani kwenye kioo. Jirani zetu wa Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe. Sisi tunaruhusu, ila tunatoza uchakavu. Ndiyo maana Altezza, gari lililotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, bado unaliona Sinza likiwa limeng'arishwa kama limetoka kiwandani jana.

Jibu jingine halisemwi sana vijiweni. Mwaka 1989 watengenezaji wa magari wa Japani walikubaliana wenyewe, bila sheria kuwashika shati, kwamba gari la kuuzwa nchini mwao lisitangazwe kuwa na nguvu zaidi ya farasi 280. Makubaliano hayo yalidumu hadi 2004, Honda ilipotoa Legend yenye farasi 300. Kwa miaka hiyo yote karatasi zilisoma 280 huku wahandisi wakiendelea kushindana chini kwa chini. Skyline GT-R ya 1989 iliandikwa 280. Supra ya turbo ya 1993 iliandikwa 280. Lakini ndani ya injini zile waliacha nafasi kubwa: bloku la chuma zito, vyuma vinavyostahimili mzigo mkubwa kuliko ule ulioandikwa. Kampuni za spea zikaingia kwenye nafasi hiyo. HKS, iliyoanzishwa 1973 karibu na Mlima Fuji na Hiroyuki Hasegawa aliyewahi kuwa mhandisi wa Yamaha, ilijenga jina lake kwa kuuza turbo na vifaa vyake. Wengine, kama Trust, Tomei, Cusco na Tein, wanajulikana mpaka Gerezani.

Shida ni kwamba sifa ya Supra imerithiwa na kila gari lenye turbo. Kijana anaona video ya Supra iliyopandishwa mpaka farasi 800, halafu anatazama Forester ya familia na kusema, "Si nayo ina turbo?" Ndiyo, ina turbo. Na mimi nina miguu, lakini Simbu akikimbia marathoni sijiingizi.

Sasa twende kwenye injini yenyewe, maana hapa ndipo ugomvi wote ulipo.

Injini ya petroli inachoma hewa na mafuta kwa uwiano. Ili petroli iungue yote bila hewa kubaki, gramu 1 ya petroli inataka takriban gramu 14.7 za hewa. Injini ya turbo ikikanyagwa sana haiendi kwa uwiano huo. Inaongezewa petroli hadi gramu 11 au 12 hivi za hewa kwa gramu 1, kwa sababu petroli ya ziada inapoza chumba cha kuchomea. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Subaru inakula mafuta," ujue sehemu ya mafuta hayo hailetwi kwa ajili ya mwendo. Inaletwa ili pistoni isiyeyuke.

Anayeamua petroli kiasi gani imwagwe ni kompyuta ya gari. Lakini kompyuta haioni hewa. Inategemea kijidude kidogo kilichokaa kwenye bomba baada ya filta, sensa ya hewa, chenye waya wa moto unaopozwa na upepo unaopita. Upepo ukiwa mkali waya unapoa zaidi, kompyuta inasema "hewa ni nyingi, mwaga petroli." Hesabu hiyo imepigwa kiwandani kwa bomba la upana fulani. Badilisha upana wa bomba, na hewa ileile itapita polepole zaidi, waya utapoa kidogo, kompyuta itaamini hewa ni chache. Itamwaga petroli pungufu. Haina ubaya na wewe, imedanganywa tu.

Turbo nayo inazungushwa na moshi wa ekzosi. Moshi ukisukuma feni ya upande mmoja, feni ya upande wa pili inashindilia hewa kwenye injini. Presha ikifika kiwango kilichopangwa, kimlango kidogo kinafunguka, moshi unapita pembeni na turbo inapumzika. Kimlango hicho kinafunguliwa na presha ya turbo yenyewe inayokuja kwa mpira mwembamba. Kikoki cha kuongeza presha, ambacho ukubwa wake ni kama kidole gumba, unakifunga katikati ya mpira huo. Kazi yake ni kuvujisha presha kidogo, kimlango kidhani bado mapema, kichelewe kufunguka. Turbo inaendelea kushindilia. Ukiendesha unasukumwa mgongo na kiti, unacheka mwenyewe.

Nimeeleza vitu viwili hivyo kwa sababu niliviuza pamoja, siku moja, kwa mtu mmoja.

Nitamwita Jirani, kwa kuwa mlango wake ulitazamana na wangu. Dada yake anauza nguo, na alikuwa na Forester ya lita 2 yenye turbo ambayo Jirani aliitumia kumchukulia mizigo Kariakoo siku asizokuwa na vipindi. Alikuja kwangu na shilingi 120,000. Nikampa kikoki na filta ya wazi yenye bomba lake pana linalong'aa. Tulifunga wenyewe nyuma ya bweni kwa spana ya kuazima. Geji aliyobandika juu ya dashibodi ilikuwa inaishia karibu 0.8, baada ya kazi yetu ikasoma 1.1. Watu walijaa. Nilibaki na faida ya 45,000, na nakumbuka nilinunua kuku mzima.

Niliyoyaandika hapo juu kuhusu sensa na kimlango sikujifunza baada ya ajali. Nilikuwa nayajua. Nasoma uhandisi mitambo, na semista ile ile nilipata B+ katika themodinamiki. Nilikuwa najua kwamba hewa imeongezwa na kompyuta imeambiwa imepungua. Ila ujuzi ule ulikaa kwenye daftari na faida ilikaa mfukoni, havikukutana.

Wiki ya tatu Jirani alikuwa anarudi na mizigo kwa barabara ya Mandela, kiyoyozi kimewashwa, jua la Februari. Akasikia kitu kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo. Huko ndiko injini "kugonga": hewa na petroli vinajilipua vyenyewe kabla ya moto wa plagi kuvifikia vizuri, na mlipuko unaigonga pistoni badala ya kuisukuma. Kuna sensa inayosikiliza mgongano huo na kompyuta hujitahidi kurudisha nyuma muda wa plagi, lakini ina kikomo. Akapunguza mwendo, sauti ikaisha, akakanyaga tena. Kufika Ubungo moshi wa bluu ulikuwa unamfuata.

Fundi wa Ilala alipofungua injini alituonyesha pistoni moja iliyokatika pale kati ya ringi na ringi. Kipande chenyewe kingetosha kuwa kifungo cha shati. Hakutugombeza. Aliuliza tu tulikuwa tunaweka petroli gani.

Swali hilo lilinishika kuliko kipande. Japani wana petroli ya aina mbili vituoni, ya kawaida na ya juu. Kwa viwango vyao ile ya juu isiwe chini ya oktani 96, na inayouzwa kwa kawaida huwa karibu 100. Gari la turbo la kule hupangwa kwa ile ya juu. Wengine wanaandika kabisa kwenye mfuniko wa tenki, kwa Kijapani, na sisi tunadhani ni pambo. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia kushindiliwa bila kujilipua. Mimi katika vituo vya hapa mjini sijawahi kukuta kilichoandika 100. Maana yake Forester ile, kabla hatujaigusa, ilikuwa tayari inaishi karibu na ukingo. Sisi tuliisogeza.

Injini ya kutumika ilipatikana kwa milioni 3.2. Soko hilo nalo lina njia zake: nyingine zinakuja moja kwa moja kutoka Japani, nyingine zinapitia Sharjah, ambako magari hukatwa vipande na sehemu ya mbele nzima kuuzwa na injini ndani yake. Nililipa nusu ya hela, kwa miezi kumi na mmoja. Siku ya kwanza ya kupeleka rejesho dada mwenye gari alinitazama akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe si ndiye unayesomea injini?" Nilisema ndiyo, dada. Akahesabu noti, akaniandikia risiti kwenye kitabu chake cha nguo.

Tangu hapo nauliza. Chasisi ndiyo ya kwanza kwa sababu jina la gari halisemi chochote. Mtu anakuja, "Nataka heda za Altezza," yaani bomba zinazotoa moshi kwenye injini. Altezza ipi? Chasisi ikianza na SXE10 ina injini ya 3S-GE, silinda nne, hadi farasi 210. Ikianza na GXE10 ina 1G-FE, silinda sita, farasi 160. Bodi ile ile, taa zile zile, ila bomba la huyu halikai kwa yule hata ukilipiga nyundo. Kuna muuzaji atakwambia "inaingia, fundi atachomelea kidogo." Hiyo "kidogo" ndiyo inayokula hela.

Halafu nauliza oili ilimwagwa lini, petroli anaweka wapi, na nani atamtunia kompyuta. Kutuni maana yake ni kuandika upya hesabu za kompyuta zilingane na vifaa vipya, huku fundi akipima uwiano wa hewa na mafuta kwa sensa kwenye ekzosi. Kazi hiyo inagharimu kuliko kikoki chenyewe, na hapo ndipo wateja wengi wananiaga. Sawa. Kikoki bila kutuni siuzi tena, hata uje na mama yako.

Ile ya pshhh nayo tuimalize. Ukiachia ekseleta ghafla, hewa iliyoshindiliwa inakosa pa kwenda, kwa hiyo kuna valvu ya kuitoa. Kwenye Subaru nyingi valvu ya kiwandani inairudisha hewa hiyo ndani ya bomba, kimya kimya. Valvu mnayoitaka inaitoa nje, ndipo unasikia pshhh. Lakini hewa hiyo ilishahesabiwa na sensa na petroli yake ilishapangwa. Ukiitupa nje, petroli inabaki bila mwenzake, kwa muda mfupi gari linakohoa, na polepole plagi zinajaa masizi. Haivunji injini kama kikoki. Haiongezi nguvu yoyote pia. Unanunua sauti, na mradi ujue hivyo mimi nitakuuzia.

Sitaki nionekane nadharau sauti, maana mimi mwenyewe ndizo zilinivuta. Ule mngurumo wa Subaru, bububu bububu, watu wanasema ni wa injini kwa kuwa pistoni zake zimelala zinatazamana. Si kweli yote. Unatoka kwenye mabomba ya ekzosi yenye urefu usiolingana, moshi wa silinda hizi ukiwahi na wa zile ukichelewa. Kwenye matoleo ya baadaye ya WRX STI ya soko la Japani, ya lita 2, waliweka mabomba yanayolingana ili turbo ifanye kazi vizuri zaidi, na mngurumo ukapotea. Sasa kuna watu wananunua STI hizo, halafu wanakuja kwangu kutafuta mabomba yasiyolingana wayafunge. Wanalipa ili gari lizidiwe na lilivyokuwa, mradi litambulike kwa sikio. Nilimuuliza mmoja kwa nini. Akasema bila ule mlio watoto wa mtaani kwao hawageuki. Nikamuuzia.

Kwenye rimu nakuwa mkali. Impreza nyingi zina bolti tano kwenye duara la milimita 100, Altezza ni tano kwenye 114.3, na STI za baadaye zikahamia 114.3. Kwa hiyo hata "rimu ya Subaru" ni maneno matupu. Tundu la katikati nalo: la Subaru ni milimita 56.1, la Altezza 60.1. Rimu ya Altezza ukiifunga kwenye STI ya 114.3 itaingia vizuri kabisa, ila imening'inia kwa bolti tu, haikukaa kwenye kitovu, na ukifika kasi fulani usukani unatetemeka kama una homa. Pete ndogo ya kujazia inatibu hilo. Tazama pia kama rimu imegongwa alama ya JWL, kiwango cha Japani cha rimu za aloi. Alama inaweza kughushiwa, najua, lakini rimu inayojidai ya Japani na haina hata alama, hiyo hata kudanganya imeona uvivu.

Kushusha gari mnakujua. Japani gari likaguliwe kwanza baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na chini ya tumbo sharti ibaki sentimita 9 angalau. Sisi tuna matuta ambayo nadhani yalipimwa kwa trekta. Anayekata springi kwa grainda ili apate muonekano anaweka roho yake kwenye springi ambayo gari likiruka tuta inaweza kuchomoka mahali pake. Shokapu za kurekebisha urefu zina sababu ya kuwa ghali. Na ukishusha gari, halafu ukateremsha na filta ya hewa karibu na bampa eti ivute hewa baridi, usipite Jangwani mvua ikinyesha. Filta ile itavuta maji, na maji hayashindiliki.

Karatasi kidogo: kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadilisha injini usiporekebisha kadi, siku ya kuuza au ya kudai bima utaeleza sana.

Ukiniuliza ningeanza na nini kwa gari la turbo la miaka ishirini, nitakutajia vitu visivyo na mlio: mipira ya hewa iliyopasuka, plagi sahihi, oili, rejeta, kisha breki na matairi. Pedi nzuri za breki zinaniachia faida ya 8,000. Kikoki kiliniachia sehemu kubwa ya ile 45,000. Kwa hesabu hizo unaelewa kwa nini wauzaji wenzangu hawakupigii simu kukukumbusha pedi, na mimi sijifanyi malaika. Mwezi wa mitihani nikiwa sina hata nauli, kikoki kile kimoja kilichobaki chini ya kitanda huwa kinaniita kwa jina.

Jirani amehitimu, yuko Dodoma, tunasalimiana kwenye simu. Forester ipo, inabeba nguo kama kawaida, na filta yake ya zamani ilirudishwa kwenye boksi lake jeusi la plastiki. Mwezi uliopita dada yake alinipigia. Salamu zilikuwa fupi. Alitaka bei ya pedi za mbele, na kabla sijafungua mdomo akaanza kunisomea namba ya chasisi, herufi moja moja.